Kiwanja ni cha Watoto, Mbwa Apewe Pembe Yake



Leo tunasema juu ya kiwanja. Wengine watacheka na kuuliza: gazeti la chama kilichozaliwa kwa kudai uhuru linatafuta nini katika mpira wa watoto na matembezi ya mbwa? Tunawajibu bila haya. Uhuru haukai katika hotuba tu, unakaa pia katika udongo ambao mtu anaukanyaga kila siku. Mtoto akikosa mahali pa kukimbia katika mji ambao baba yake ameujenga kwa jasho, uhuru wa mtoto huyo umebaki katika karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Katika makartie mengi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, viwanja vya wazi ni vya kuhesabu kwa vidole. Kila kimoja kina kazi nyingi. Alfajiri vijana wanakimbia humo. Watoto wakitoka masomo wanapiga mpira, na wasio na mpira wanafunga matambara kwa kamba. Jioni wazee wanakaa kando na kuongea. Jumapili kikundi cha sala kinakuja na ngoma zake. Kukiwa na kilio, viti vinapangwa hapo.

Na mbwa nao wanataka mahali. Sababu yao tunaijua sote: ni wezi wa usiku. Mtu akipata franka kidogo ananunua kwanza mlango wa chuma, kisha anatafuta mbwa mkubwa. Mbwa huyo anafungwa mnyororo mchana kutwa, na jioni analetwa kiwanjani ili apunguze hasira. Saa hiyo ndiyo ile ile ya watoto. Hapo ugomvi unaanza. Wazazi wanasema mbwa waondoke wote. Wenye mbwa wanasema mbwa pia ni kiumbe, tena analinda avenyu nzima. Wengine wao wanataka kipande cha kiwanja kizungushwe wavu kiwe cha mbwa peke yao, kama walivyoona katika miji ya Ulaya na Marekani.

Sisi tunasema hivi: pande zote mbili zina haki, lakini haki hizo hazina uzito mmoja. Na tunaongeza neno la pili, ambalo ndilo kubwa: wakati pande hizi mbili zinagombana, kuna mtu wa tatu anayekuja polepole na kamba ya kupimia malupango. Mithali inasema tembo wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Hapa kwetu nyasi ndizo zinapigana, na tembo anakula.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Wakoloni walijua sana thamani ya ardhi iliyo wazi. Walipopanga miji yetu waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na site ya watu weusi. Walisema ni juu ya malaria: mbu akitoka kwetu hataweza kuruka mita 500 mpaka kwao. Katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, waliweka katika ukanda huo kiwanja cha golf, bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ukanda ulitenga mji na site Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Usiku mtu mweusi hakuweza kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mbwa wa bwana hakuulizwa karatasi.

Basi nafasi ilikuwapo, tena nyingi. Lakini iliwekwa ili kututenga. Kiwanja cha kartie kinafanya kazi iliyo kinyume chake, kinakutanisha watu. Ndiyo maana historia ya uhuru wetu imepita katika viwanja vya mpira. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara uongezwe walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, akafa pamoja na wenzake wengi. Tena tarehe 4 Januari 1959 katika Léopoldville, watu waliokuja kwa mkutano wa Abako waliambiwa kwamba hakuna mkutano. Waliotoka kutazama mpira wakajiunga nao, na mji ukawaka moto. Siku tisa baadaye mfalme Baudouin akatamka kwa redio neno la uhuru.

Hatusemi haya ili kila mchezo uwe siasa. Tunasema ili mjue kwamba mahali pa wazi ambapo mtu maskini anaweza kusimama bila kumwomba mtu ruhusa ni mali kubwa. Anayekiondoa kiwanja anaondoa pia mahali pa watu kuonana.

Na furaha yetu pia imetoka hapo. Mwaka 1939 mapadri wa Mtakatifu Benedikto katika Elisabethville walianzisha timu ya wanafunzi wao, ndiyo TP Mazembe ya leo. Mwaka huo huo watu wa reli wakaanzisha Saint-Éloi Lupopo. Mazembe imeleta kombe la klabu bingwa za Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Timu ya taifa ilileta kombe la Afrika mwaka 1968 na mwaka 1974. Mchezaji hazaliwi katika uwanja wenye viti na taa. Anaanzia katika vumbi la kartie, miguu mitupu, goli la mawe mawili. Tukiuza vumbi hilo, tusilalamike kesho kwamba makombe yamekwenda kwa wengine.

MBWA SI ADUI YETU

Wazazi wengine wanasema kama kwamba mbwa ni kitu cha wazungu na cha matajiri. Hapo hatukubali. Babu zetu walikaa na mbwa kabla ya kumwona mzungu. Mbwa wa kuwinda wa Kongo, yule asiyebweka kama wenzake, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wazungu walimpenda hata wakamchukua kwao. Mwaka 1937 walimwonyesha London katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Wakampa jina: Basenji. Ninyi mnaosikia lugha yetu hamhitaji kuelezwa. Ndilo lile tusi walilotutukana sisi wenyewe. Mbwa akapata sifa pamoja na tusi. Mwenye mbwa akabaki na tusi tu.

Tena tazameni ni nani anayeshika mnyororo jioni. Mara nyingi si mwenye mbwa, ni sentinele. Ni mfanyakazi kama sisi, analipwa kidogo, amepewa amri amtembeze mbwa, na hakupewa mahali pa kumtembezea. Akiingia kiwanjani watoto wanakimbia na mama wanamtukana. Matusi yanampata yeye, na mwenye mbwa yuko ndani anakula bukari yake kwa amani. Tusipigane na mwenzetu wa mshahara. Tumwite mwenye mbwa mwenyewe kwenye mkutano.

LAKINI MTOTO NDIYE WA KWANZA

Tulisema haki hizi hazina uzito mmoja. Sasa tueleze sababu.

Sababu ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linahesabu kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika wagonjwa 100, karibu 99 waliupata kwa mbwa. Na katika watu 100 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na meno. Mtoto anakimbia, na mbwa anafuata kinachokimbia. Mtoto akiumwa kidogo anaficha, anaogopa kupigwa nyumbani. Kisha siku zinapita, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo wazazi, shikeni maneno haya: mtoto akiumwa na mbwa, hata jeraha dogo, mwosheni papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni kwa mganga siku ileile apate chanjo. Msingoje kuona mbwa atakuwaje. Na msimpige mtoto aliyesema kweli.

Sababu ya pili ni mavi. Mbwa asiyepewa dawa ana minyoo, na mayai ya minyoo hiyo yanakaa katika udongo muda mrefu. Mtoto mdogo anashika udongo, kisha anatia mkono kinywani. Wengine wanacheza bila viatu, na kuna minyoo ya mbwa inayopita katika ngozi ya mguu.

Sababu ya tatu ni ya inchi yetu ya shaba. Mtu atasema: kama kiwanja ni kidogo, watoto waende kucheza mahali pengine. Wapi? Barabarani, penye magari ya kubeba madini? Kando ya mlima wa takataka za mgodi? Udongo wa kwetu si wote wa kuchezea. Katika Kasulo, kartie ya Kolwezi, watu walivumbua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na wakachimba katika malupango yenyewe. Mwaka 2018 waganga wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji walitoa matokeo ya kazi yao: watu waliokaa katikati ya mashimo hayo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko wale wa kartie ya karibu isiyochimbwa, na walioonekana kuwa nayo zaidi ni watoto. Basi mahali pa wazi ambapo hapakuchimbwa, hapakumwagwa takataka na hapapiti magari, kwetu ni kama kisima cha maji safi. Mbwa anaweza kutembea kwa kamba avenyu hadi avenyu. Mtoto hawezi kucheza mpira kwa kamba.

WENGINE WAMEFANYA NAMNA GANI

Si vibaya kutazama kwa jirani, hata jirani wa mbali, mradi tusiige kama kasuku.

Katika mji wa Berkeley, California, nyumba zilibomolewa ili reli ya chini ya ardhi ipite. Udongo wa juu ukabaki mtupu, na wakaaji wakapigania ubaki mahali pa watu wote. Baadaye, mwaka 1979, sehemu ndogo ya bustani hiyo ikazungushwa wavu kwa ajili ya mbwa. Inahesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani. Shikeni utaratibu wao: kwanza waliokoa ardhi, kisha ndipo wakasema juu ya kuigawanya. Sisi tunataka kuanza na mwisho.

Katika New York walitumia saa. Kuna bustani zilizotajwa ambamo mbwa anaweza kufunguliwa tangu saa 21 ya usiku mpaka bustani inapofungwa, na tena tangu inapofunguliwa mpaka saa 9 ya asubuhi, kwa hesabu ya saa ya kazini. Saa nyingine zote lazima awe kwenye kamba. Desturi hiyo ya zamani iliandikwa kuwa sheria mwaka 2007. Mwenye mbwa lazima awe na karatasi ya chanjo ya kichaa. Na mahali penye michezo ya watoto, na viwanja vya mpira, mbwa haingii, hata kwa kamba.

Kwetu saa za usiku hazifai. Wao wana taa na walinzi wa bustani, sisi tuna giza, na gizani mbwa aliyefunguliwa na mwizi wanafanana. Lakini hekima yake inafaa: ardhi moja inaweza kuwatosha watu wawili wasiokuja kwa saa moja.

HESABU YA KARANI

Sasa tufanye hesabu kidogo, sababu hesabu haina chama.

Kiwanja cha mpira cha kipimo kamili kina mita 105 kwa 68. Ni mita mraba 7,140. Lupango ya mita 20 kwa 30 ni mita mraba 600. Gawanyeni. Katika kiwanja kimoja yanatoka malupango 11 na kipande. Mkate njia ya kupita, bado yanabaki tisa au kumi.

Mbwa wa kartie nzima, wakija kwa zamu, wanatoshwa na kipande kimoja cha 20 kwa 30 kando ya kiwanja. Ni lupango moja. Anayekuja na kamba ya kupimia anayataka yote kumi na moja. Basi wazazi na wenye mbwa wanapigana juu ya lupango moja, na kumi zinakwenda bila ngumi hata moja. Siku nguzo za betoni zitakaposimamishwa, hakutakuwa na mpira wala matembezi. Mwenye mbwa na mwenye mtoto watakutana barabarani, na kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Mchezo huu unafanyika namna gani? Tunaujua. Kwanza kiwanja kinaachwa kichafuke. Takataka zinatupwa, nyasi zinapanda, goli linaibiwa. Kisha watu wanasikia: hapo si kiwanja tena, ni porini, ni maficho ya wezi. Kisha linakuja gari moja la mchanga. Mnauliza, mnaambiwa ni mchanga wa kujengea choo cha watu wote. Kisha ukuta. Kisha mtu anaonyesha sertifika yenye muhuri. Ugomvi wa mbwa unamsaidia sana mtu huyo, sababu wazazi wakiogopa mbwa wanaacha kuwatuma watoto kiwanjani, na kiwanja kisicho na watoto kinaonekana hakina mwenyewe.

SHERIA IKO, TUISHIKE

Tusidanganyike kwamba hatuna silaha. Tangu sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966, Serikali ilirudisha mkononi mwake haki zote juu ya ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Sheria hiyohiyo inatenga ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote: haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza itolewe katika matumizi hayo kwa njia halali. Kwa hiyo mkiambiwa kiwanja kimeuzwa, swali la kwanza si "kwa bei gani?" Ulizeni: karatasi iliyokitoa katika matumizi ya watu wote iko wapi, ina tarehe gani, imetiwa sahihi na nani?

Kwa upande wa mtoto, mataifa yalipatana mwaka 1989 juu ya haki zake, na kifungu cha 31 kinataja waziwazi haki ya kupumzika na kucheza. Inchi yetu iliukubali mkataba huo mwaka 1990. Mwaka 2009, tarehe 10 Januari, tukatoa sheria yetu wenyewe ya kumlinda mtoto. Basi mtoto anayepiga mpira wa matambara haombi sadaka. Anadai kitu ambacho inchi imetia sahihi.

Tatizo letu ni kwamba kiwanja chetu hakisomi sheria. Kimekaa katika kichwa cha wazee tu: "hapa tulicheza tangu zamani." Mzee akifa, kiwanja kinakufa naye. Kiwanja kisichoandikwa hakina baba.

TUNAYOTAKA

Kwanza, viwanja vihesabiwe na kuandikwa. Kila kartie ipime chake kwa kamba, iandike urefu na upana, iandike majirani wa pande nne, na wazee watie sahihi. Karatasi moja ibaki kwa shefu wa kartie, moja iende kwa burugumesta, moja kadastri, moja ibaki kwa wakaaji. Desemba 1957 wazee wetu walipiga kura ya kwanza ya komini katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na wakaona kwa mara ya kwanza burugumesta mweusi. Desemba 2023 sisi tulichagua washauri wa komini katika miji mikubwa. Kazi yao ya kwanza iwe hii. Mshauri asiyejua idadi ya viwanja vya komini yake atamlinda nani?

Pili, katikati ya kiwanja ni ya watoto, kila siku, tangu masomo yanapotoka mpaka jua linapozama. Mbwa asiingie, hata wa mkubwa, hata kwa kamba. Na tunaposema watoto hatusemi wavulana tu. Wasichana wanasukumwa kando mpaka wanabaki kutazama. Wapewe siku zao au upande wao, iandikwe, isiwe huruma ya kaka zao.

Tatu, penye nafasi, mbwa apewe pembe yake. Lupango moja ya kando, mbali na bomba la maji na mlango wa masomo. Wavu uwe wa kufika kifua cha mtu mzima. Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili mbwa asitoroke wakati mwingine anaingia. Wavu na nguzo walipe wenye mbwa, sababu anayenufaika ndiye anayechanga. Lakini udongo ubaki wa kartie. Asiseme mtu kesho kwamba amejenga wavu na kwa hiyo pembe ni yake, sababu wavu wa leo unaweza kuwa ukuta wa kesho. Liandikwe siku ya kwanza kabisa.

Nne, kiwanja kikiwa kidogo, kisikatwe. Tutumie saa. Mbwa waje alfajiri, kwa kamba, na wawe wametoka kabla watoto hawajapita kwenda masomo. Mwenye mbwa akiacha mavi na asiyaokote, asirudi.

Tano, chanjo. OMS inasema mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, kichaa kinakatika katika mahali hapo. Hilo si jambo la tajiri peke yake. Hata mbwa wa maskini, hata yule asiye na mwenyewe anayelala sokoni, ahesabiwe. Komini imwite mganga wa wanyama kwa siku moja kiwanjani, na mbwa waje kwa foleni. Siku hiyo moja itawapatanisha wazazi na wenye mbwa kuliko mikutano kumi.

Sita, iwepo kamati ndogo: mama wawili, mwenye mbwa mmoja, kijana mmoja wa mpira, mwalimu mmoja, mzee mmoja. Wasiwe watu wa chama kimoja, hata kama ni chama chetu. Wakubwa wa kampuni wasiwemo, sababu kampuni inatoa mipira wakati wa uchaguzi wa wajumbe wa wafanyakazi na inasahau mwaka mzima.

Wandugu, tunajua kuna watakaosema haya ni madogo, na mshahara, maji na umeme ni makubwa. Ni kweli kwamba ni makubwa. Lakini yale makubwa mnayangoja kutoka juu, na hili liko mikononi mwenu. Kupima kiwanja kunataka kamba na watu wanne. Kuandika kunataka karatasi na kalamu, na makarani hawakosekani katika avenyu zetu. Watu walioshindwa kulinda mita 105 kwa 68 zilizo mbele ya macho yao watalinda namna gani mgodi?

Mvua hazijaanza. Udongo ni mkavu, mipaka inaonekana. Jumapili ijayo, mkitoka kanisani, msiende moja kwa moja nyumbani. Piteni kiwanjani na kamba. Wenye mbwa waje, wazazi waje, sentinele aje pia, naye ana watoto. Pimeni pamoja, kisha ndipo mgombane juu ya ile pembe moja. Ugomvi wa watu wenye kiwanja una heri kuliko amani ya watu wasio nacho.